Siku Kumi na Sita Nilizonyamaza

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sijakiona maisha yangu yote: chumba kizima cha viti visivyo na mikono. Nimesimama mlangoni nimeduwaa kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Miaka yote hii, nikiingia mahali, jambo la kwanza ninaloangalia ni viti, kama nitaenea au nitanasa. Leo hapakuwa na cha kuangalia. Nikakaa tu.

Ni chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitali. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanakutana waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na sisi tunaosubiri. Daktari ameniambia wazi: usipohudhuria, sikupangii tarehe. Kwa hiyo nilikwenda nimenuna. Nina miaka arobaini na moja, kilo mia moja thelathini na nane, sukari, presha, na magoti yanayolia kama bawaba mbovu. Nilidhani nakwenda kupigiwa makofi na watu nisiowajua.

Hapakuwa na makofi. Sista, muuguzi anayesimamia kikundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ukali na macho ya huruma, alisema, "Hapa hatupongezani kwa kupungua. Tunaulizana habari." Kila mgeni anapewa mwenzi, mtu aliyemtangulia, wa kumpigia simu akikwama.

Mwenzi wangu ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Mwanamke mrefu, kucha zina rangi ya kijani isiyotoka. Wote wanamwita Nahodha. Alipasuliwa miezi minne iliyopita. Alinionyesha picha kwenye simu, nami kwa adabu zangu nikasema, "Mama yako? Mmefanana sana." Chumba kizima kikaangua kicheko. Ni yeye mwenyewe, Oktoba iliyopita.

"Hebu sema tena," akaniambia. "Hiyo sauti naijua. Si wewe unayepokea simu pale ofisi ya maji?"

"Ni mimi."

"Umeshanidanganya mara tatu kwamba fundi yuko njiani!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Na mimi nilikuwa nakufikiria mwembamba! Basi jina lako ni Sauti."

Nimerudi nyumbani natabasamu peke yangu. Mvua zimeanza leo.


Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya kunywa vitu vya majimaji tu. Nimemfokea binti yangu kwa kutafuna.


Jumapili, 9 Machi

Nahodha alinialika nimtembelee kazini. Nilimkuta juu ya ngazi, futi kumi na tano kutoka chini, rola mkononi, anaimba. Nilishikwa na hofu kwa niaba yake. "Mwaka jana nilikuwa nasimama chini nawaelekeza vijana," aliniambia kutoka kule juu. "Fundi asiyeweza kupanda ngazi ni mtu wa maneno tu. Sasa nimerudi kazini kwangu."

Nimeuliza maswali yote ambayo naona haya kumuuliza daktari. Je, ngozi italegea? Italegea. Nywele? Zitapukutika, kisha zitaota. Na mume? Hapo akashuka ngazi kwanza. "Wangu alikuwa anapenda kunicheka mbele za watu. Nilipopungua akakosa la kusema, akaondoka. Wako sijui. Kinyozi, eh? Vinyozi wanajua kuzungumza. Muulize mwenyewe."


Jumatatu, 10 Machi

Nimemuuliza. Mume wangu aliweka mkasi chini, akasema, "Mimi naogopa usiamke. Basi. Hayo mengine ya mashavu na sura ni mambo yako." Miaka kumi na saba ya ndoa, na mimi nilikuwa na hakika kwamba anaogopa nitapendeza.


Jumanne, 18 Machi

Naandika haya wodini asubuhi, kabla hawajaja kunipeleka chumba cha upasuaji. Nahodha amefika saa kumi na mbili na nusu kabla ya kwenda kazini, ovaroli imejaa madoa. Mume wangu alikuwa anatembea huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Nahodha akamkalisha. Kisha akanishika mkono, hakusema maneno ya dini wala ya ushujaa. Alisema, "Ukiamka utaona umekosea. Utasema, nimefanya nini. Kila mtu husema hivyo. Inapita siku ya nne."


Jumatano, 19 Machi

Nimefanya nini.


Jumamosi, 22 Machi

Imepita. Siku ya nne kamili, kama alivyosema.


Jumapili, 30 Machi

Vijiko vinne vya supu iliyochujwa, nikashiba. Nilikitazama kijiko cha tano kama mtu anayemtazama mgeni aliyebisha hodi usiku. Sikuamini. Tangu nizaliwe sijawahi kujua kushiba ni nini. Nilikuwa nadhani ni ile hali ya chakula kuisha. Nilikaa jikoni nikalia. Binti yangu akakimbia kumwita baba yake, akidhani mshono umeachia.

Mvua haijakatika siku sita. Mume wangu anakula nje ya mlango, chini ya mwavuli, ili nisimwone. Nimemwambia aingie ndani, atapata homa bure.


Jumamosi, 12 Aprili

Sijui hata nianzie wapi.

Kikundi kilikwenda vizuri. Tulikuwa watu kumi na wawili, saba ni wageni. Dereva, yule mwendesha lori aliyepasuliwa Januari ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, alikuwa anawaambia jinsi anavyoagiza chakula hotelini kisha anakitazama tu kama televisheni. Nahodha akazungumza mwisho. Alivaa vizuri, amesimama wima, wageni wanamtazama kama picha ukutani. Amepungua kilo hamsini na tano sasa. Mama mmoja akasema, "Nikifika hapo alipofika huyu, sitaki kingine."

Nikaenda msalani. Nikasikia mtu anatapika chumba cha pili. Si kutapika kwa mtu aliyekula kibaya. Kulikuwa kukavu, kwa kuzoea. Mlango ukafunguliwa, akatoka Nahodha, anajifuta mdomo. Tulitazamana kwenye kioo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki tano. Sita. Hata maji yanarudi siku nyingine."

"Sista anajua?"

"Hajui, wala hatajua." Akafungua bomba, akanawa uso, akaufanya uso wake kuwa ule ule wa mbele za watu. "Umewaona wale mle ndani? Saba wanaogopa kisu. Wakisikia mimi natapika kila siku, nani atalala mezani? Watarudi kufia majumbani kwao. Ni jambo dogo, mdogo wangu, litapita. Niapie."

Nikasema, "Dada, mwambie hata Sista peke yake."

"Mimi nilikushika mkono. Sasa wewe nishike wangu. Niapie."

Nimeapa. Tumerudi ndani, akawacheka wageni, wakacheka. Mimi ndiye sikuweza kuinua macho.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi kazini. Mvua imepasua bomba kuu. Simu mia moja na kumi. Askari wa getini, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuitikia salamu yangu, leo amenifungulia mlango na kuniuliza habari za watoto. Nina mtoto mmoja. Nimeshtuka kuliko nilivyofurahi. Nilikuwa mtu jana pia.


Alhamisi, 17 Aprili

Nimempigia Nahodha. Anasema hajambo. Nimeamini kwa sababu nilitaka kuamini.


Jumamosi, 19 Aprili

Hakuja kikundini. Sista aliuliza, "Sauti, mwenzi wako yuko wapi?" Nikasema ana kazi nyingi. Uongo ulitoka mdomoni laini kabisa, kama ninavyowaambia wateja fundi yuko njiani.


Jumanne, 22 Aprili

Amenipigia mwenyewe saa sita mchana, anacheka. "Sauti, leo nimepata kazi maradufu. Naona kuta mbili. Sijui nipake upi."

"Mbili kivipi?"

"Mbili, pacha. Nikifumba jicho moja, mmoja unaondoka." Akacheka tena, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ni uchovu. Nikamwambia apumzike.

Bado mvua. Barabara ya chini imegeuka mto.


Jumamosi, 26 Aprili

Alikuja. Afadhali asingekuja.

Aliingia anayumba, akashika ukuta, akakosa kiti mara ya kwanza. Alimwita Sista kwa jina la dada yake aliyefariki. Sista alikuwa na mgonjwa wa dharura huko wodini, alikaa nasi dakika tano tu, akamtazama, akamwambia, "Wewe Jumatatu asubuhi kliniki, bila kukosa." Nahodha akaitikia kama askari.

Nahodha alipotoka, Dereva akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mama amekamata chupa. Nimeona wengi. Ukinyimwa chakula, unatafuta pombe. Na kwa tumbo hili dogo, glasi moja tu unaona malaika." Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Na mimi, ninayejua kuhusu wiki sita za kutapika, ambazo sasa ni wiki nane, mimi nilitikisa kichwa pamoja nao. Si kwamba niliamini sana. Ulevi ulikuwa rahisi zaidi. Kama ni mlevi, basi kosa ni lake, na kiapo changu hakina uzito wowote.

Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikulifikiria.


Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika yote.

Saa tano asubuhi simu ya ofisi iliita. Nikapokea kama kawaida. Sauti ya Nahodha, polepole: "Naomba kuongea na Sauti."

"Dada, ni mimi."

"Hapana. Sauti ni mnene. Wewe ni nani?"

Nikauliza yuko wapi, kwa nini hajaenda kliniki. Akasema, "Kliniki gani? Niko kwenye ngazi." Kisha nikasikia kishindo, na simu ikabaki inaunguruma mvua.

Niliijua nyumba anayoipaka rangi, aliwahi kunitajia. Iko mitaa miwili tu kutoka ofisini. Niliacha taa za simu zinawaka zote, nikakimbia. Mimi, nikakimbia. Maji yalifika magotini. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, rangi nyeupe imemwagika mpaka mlangoni. Shukuru Mungu alikuwa ngazi ya pili tu. Mlinzi wa nyumba amesimama kando, kanywea, na chupa ya soda mkononi.

"Amelewa, mama," akaniambia. "Tangu asubuhi anayumba. Nilitaka nimpe soda apate nguvu."

Nilipiga magoti, nikanusa mdomo wake. Hapakuwa na pombe. Palikuwa na harufu ya tumbo tupu na ya tina, ile dawa ya kulainishia rangi. Nikamwinua kidevu. Macho yake yalikuwa yanarukaruka pembeni, kama mtu anayesoma maandishi yanayokimbia. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile. Aliniangalia akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtu usiyemjua kwenye foleni.

Nilimpigia Sista. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: anatapika, anaona vitu viwili, anayumba, hanijui. Sauti yake ikawa kali kama wembe. "Usimpe soda. Usimpe kitu chochote chenye sukari, umenisikia? Mlete sasa hivi."

Nilimpokonya mlinzi ile chupa.

Teksi tatu zilikataa kuvuka maji. Nikampigia Dereva. Alikuja na lori lake la mchanga, akashuka, akamwona Nahodha, na mzaha wote ukamtoka usoni. Alimbeba kama mtoto. Njia nzima alikuwa anarudia, "Nilisema amelewa. Nilisema amelewa."

Kwenye chumba cha dharura kulikuwa na daktari kijana, amechoka, hajalala. Alitazama ovaroli, akasikia harufu ya tina, akasema, "Mlevi. Mlazeni pale, awekewe dripu ya sukari."

Nikasema hapana. Sikupaza sauti. Nilitumia ile sauti ninayoitumia kwa wateja wanaotukana: "Daktari, huyu alipasuliwa tumbo Novemba. Ametapika wiki nane. Muuguzi wa kikundi amesema asipewe sukari. Yuko njiani, na mara hii yuko njiani kweli."

Kijana yule alisimama. Nadhani neno "tumbo" ndilo lililomwamsha. Akamulika macho ya Nahodha kwa tochi, akamwambia afuate kidole; macho hayakuweza. Akatamka kitu kwa muuguzi, na katika dakika chache walikuwa wanamchoma vitamini kwenye mshipa. Vitamini! Nilidhani nitasikia jina la ugonjwa wa kutisha. Sista, alipofika amelowa chapachapa, ndiye aliyenieleza: mtu akitapika wiki nyingi, vitamini moja huisha mwilini, na ikiisha ubongo unaanza kufa njaa. Ukimpa sukari kabla ya hiyo vitamini, unammaliza.

"Wiki nane," Sista akasema. "Nani amekuhesabia wewe hizo wiki?"

Nikaanza kukunja ukingo wa shuka la Nahodha.

"Sauti. Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na mbili."

Alihesabu kwa vidole, mbele yangu, polepole. "Siku kumi na sita." Hakunifokea. Laiti angenifokea. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huo msemo tunaujua wote. Lakini yeye alikuwa mgonjwa, Sauti. Wewe ulikuwa mzima."


Jumanne, 29 Aprili

Hakuna nilichoweza kumeza. Mume wangu alikaa pembeni yangu akanitazama mpaka nikamaliza yai zima. "Na wewe usianze," alisema.


Jumatano, 30 Aprili

Macho ya Nahodha yametulia! Nimeingia wodini, akanifuata kwa macho yote mawili kutoka mlangoni hadi kitandani. Lakini ameniuliza leo ni mwezi gani, na nilipomwambia, akageukia ukuta. Kwake yeye bado ni Machi mwanzoni.


Jumanne, 6 Mei

Wamempitisha mpira wenye kamera. Njia ya tumbo ilikuwa imejikunja na kuwa nyembamba kama mrija. Wameipanua. Amekunywa maziwa nusu kikombe na hayakurudi. Jambo la kufanya mchana mmoja. Angesema Machi, lingefanywa Machi.


Jumatatu, 12 Mei

Daktari anasema atatembea vizuri, pengine kwa fimbo miezi kadhaa. Kumbukumbu za hizo wiki hazitarudi. Ngazi, asahau kwa mwaka mzima. Nilikuwepo alipoambiwa. Hakulia. Aliangalia kucha zake, zimeoshwa, hazina rangi.


Jumamosi, 24 Mei

Leo amerudi kikundini, kwa fimbo. Chumba kilijaa. Alisimama akawaambia wageni kila kitu: kutapika, kuta mbili, ngazi. Mama yule aliyesema hataki kingine alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa.

Kisha Nahodha akanigeukia. "Na niko hai kwa sababu ya huyu. Sikumbuki, nimeambiwa. Aliacha kazi, akakimbia kwenye mafuriko, akanipigania na daktari. Mpigieni makofi."

Katika chumba ambacho hatupigiani makofi, walinipigia. Sista peke yake alikaa, mikono mapajani, ananitazama.

Ningeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua, mwenye kiapo amekisahau. Nilisimama. Nikasema, "Dada, kuna jambo hukuambiwa. Tarehe kumi na mbili Aprili nilikukuta unatapika. Uliniapisha nisiseme. Nikanyamaza siku kumi na sita. Na waliposema umelewa, nilikubali."

Makofi yalikatika kama mvua.

"Siku kumi na sita?" akauliza.

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa ninatembea wakati huo? Nilikuwa nafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Mimi sina hata moja," akasema. "Wewe unazo zote."

Alichukua fimbo yake, akaanza kwenda mlangoni. Tok, tok. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alikuwa amefika katikati ya chumba Dereva aliposema, kwa sauti ambayo sikuijua, isiyo na mzaha hata chembe, "Mimi pia."

Wote tukageuka.

"Natapika. Wiki ya tatu sasa." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi. Nilidhani ni lori."

Huyu ndiye aliyembeba. Huyu aliyaona yale macho kwa macho yake mwenyewe, akaenda nyumbani, akanyamaza naye! Sista alikwishasimama, anapiga simu wodini. Lakini aliyemfikia Dereva kwanza ni Nahodha. Aligeuza fimbo, akarudi, akaketi kiti cha pembeni yake, akamshika kidevu na kumwinua uso.

"Fuata kidole changu," akamwambia.

Walimpeleka dakika ile ile. Nahodha akaenda naye. Hakunitazama.


Jumapili, 25 Mei

Dereva amechomwa sindano mapema, yuko salama, ameanza kumtania mpishi wa wodi. Nahodha hapokei simu zangu.


Jumamosi, 31 Mei

Alikaa upande wa pili wa chumba. Nilisalimia. Akaitikia kama unavyoitikia salamu ya jirani mnayegombania naye mpaka. Ni haki yake. Mume wangu anasema, "Mpe muda." Nikamuuliza muda gani. Akasema hata nywele zina muda wake, na hizo hazijakosewa na mtu.


Jumamosi, 7 Juni

Siku ya nne hakuna mvua. Ofisini simu ishirini tu.

Kikundini amekuja mgeni mmoja, muuza viatu, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Alisimama mlangoni anaangalia viti. Sista akasoma karatasi yake: "Wewe utakuwa na wenzi wawili." Akataja Nahodha. Akanitaja mimi.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Sista, nani amepanga hivi?"

"Muulize mwenzako."

Nahodha hakugeuza kichwa. Alikuwa anamwambia mgeni, "Mimi nitakufundisha jinsi ya kula. Huyu, ukiwa na jambo unataka kulificha, usimwambie. Atalisema mbele ya watu wote. Ndiyo maana nimemtaka."

Mgeni akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaona kile kiti kitupu tulichokiacha kati yetu.

"Kwani mmekosana?" akauliza.

"Ndiyo," Nahodha akasema. "Kaa hapo katikati."